Ada Imelipwa, Chakula Je?

Desemba iliyopita mama mmoja wa Sikonge alinikuta kibarazani kwangu, Isevya, Tabora mjini, nikimenya karanga. Alikuja na binti yake, bahasha ya khaki yenye barua mbili, na jogoo aliyefungwa miguu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mwangaluka. Karibuni mkae."

Alikaa, lakini hakungoja maji. "Baba, nimeelekezwa kwako kwamba wewe ndiye uliyekuwa unapokea ada kule chuoni. Binti kachaguliwa sehemu mbili, umeme wa majumbani kote kote. Huku ada ni elfu sitini. Huku laki sita, ila wanamfadhili nusu. Si nampeleka huku kwa elfu sitini, yaishe?"

Nikamwambia tuzisome kwanza hizo barua, polepole, maana jambo haliishi hapo.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Miaka 22 nilikaa nyuma ya dirisha dogo la nondo katika chuo kidogo cha ufundi mkoani humu, ambacho sikitaji jina. Wanafunzi wake hawakuwahi kufika mia mbili, kwa fani zote: useremala, uashi, ushonaji, umeme, magari. Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi ya benki, kuandika kwenye leja na kugonga muhuri wa AMELIPA. Wazazi waliuona muhuri ule kama mwisho wa safari. Mimi niliyekaa dirishani nilijua kwamba ada ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa, lakini mara nyingi siyo iliyo kubwa.

Watu wa kwetu hawahitaji darasa kuelewa hili. Muulize mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua amepata nini msimu huu. Hatakutajia bei ya kilo. Atakutajia kilichobaki baada ya chama chake cha ushirika, AMCOS, kukata mbolea, mbegu na dawa alizokopeshwa. Bei ya kilo huandikwa ubaoni. Makato ndiyo huamua kama nyumba itaezekwa bati mwaka huu au mwakani. Na kabla ya tumbaku walikuwepo wapagazi. Babu wa babu yangu, kwa simulizi za nyumbani, alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mzigo wa frasila mbili, kama kilo 32, mwendo wa miezi mitatu hivi. Tajiri wa msafara hakuhesabu bei ya pembe peke yake. Alihesabu posho ya kila siku, akahesabu nguo na shanga za hongo, kwa sababu watawala wa njiani, hasa Ugogo, walitaka chao kabla msafara haujachota maji. Hongo enzi hizo ilikuwa ushuru wa wazi. Sifa yake mbaya imekuja baadaye. Tajiri aliyeisahau alikwama porini na mali yake yote.

Basi nikachukua kaunta buku, nikachora mistari.

Barua ya elfu sitini ilitoka kituo cha serikali. Vituo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, kwa miaka mingi vimetoza kwa kozi ndefu shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ukiitazama tofauti hiyo, elfu sitini tu zinazomtenga mwenye kitanda na asiyekuwa nacho, unajua kuna mtu mwingine analipa. Nitamtaja baadaye. Tatizo la binti huyu ni kwamba vitanda vilijaa, alipangiwa kutwa. Sikonge hadi Tabora ni safari ya basi. Hawezi kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo kutwa kwake maana yake ni kupanga chumba.

Chumba cha bei nafuu tulichokijua sote wawili ni 15,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi 150,000, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Maji na umeme 5,000 kwa mwezi, ikawa 50,000. Ovaroli, buti, koleo, testa, bisibisi, madaftari: 110,000. Chakula tukabishana. Mama alisema elfu moja na mia tano kwa siku inatosha. Nikamwomba binti atupikie kwa maneno: unga, dagaa, mafuta, chumvi, mkaa, chai ya asubuhi. Tukafika 2,500. Kwa siku 280 ni 700,000. Jumla ya ile barua ya elfu sitini: shilingi 1,070,000 kwa mwaka.

Mama akaitazama ile namba kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

Barua ya pili ilikuwa ya chuo binafsi. Ada 600,000, nusu inafadhiliwa, inabaki 300,000. Bweni na chakula 450,000. Vifaa vilevile, 110,000. Kisha, kwenye ukurasa wa tatu wa fomu ya kujiunga ambao hawakuusoma, kulikuwa na mitihani, kitambulisho, tahadhari na mchango wa maendeleo, jumla 95,000. Yote kwa pamoja 955,000. Chuo ghali kikawa nafuu kuliko chuo rahisi kwa shilingi 115,000. Sisemi kila mara iwe hivyo. Hesabu hii ni ya binti mmoja, mwaka mmoja, kwa bei tulizozijua tuliokuwa pale kibarazani. Lakini bila kuipiga, mama angelifuata ile sitini mpaka ikamfikisha kwenye milioni.

Nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo. "Hamna ndugu hapa mjini?"

"Yupo shangazi yake, Cheyo. Ila hatujamwambia."

Tukachora mstari wa tatu. Kutwa kwa shangazi: ada 60,000, vifaa 110,000, na gunia la mahindi, karanga na pesa kidogo ya kuchangia sufuria, tuseme 200,000. Jumla 370,000. Binti akacheka. Shangazi wa Cheyo angekuwa anamfadhili 700,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ule ufadhili wa nusu ada, na hajaandika barua yoyote yenye nembo.

Nasisitiza hapa, kwa sababu ufadhili wa ndugu nao una masharti, tena yasiyoandikwa. Nimewaona mabinti wakiacha chuo kwa sababu shangazi aliwaweka kuwa mayaya. Mambo yasemwe mapema: nani atachota maji, binti atatoka saa ngapi, atasoma na taa ya nani, gunia likiisha kabla ya mwezi mambo yatakuwaje. Mzazi aende mwenyewe, asiishie kupiga simu.

Sasa yule mtu anayelipa. Kituo cha serikali hakimfundishi mtoto umeme kwa elfu sitini. Hata nyaya anazoharibu akijifunza zinazidi hapo. Pengo linazibwa na serikali, na sehemu ya fedha hizo inatokana na tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo waajiri hulipa juu ya jumla ya mishahara ya wafanyakazi wao. Julai 2023 kiwango chake kilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Sehemu nyingine ya tozo hiyo huenda kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, jambo ambalo mimi kama mtu wa vyuo vya ufundi sijawahi kulifurahia, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo aliyepata nafasi katika kituo cha VETA tayari ana ufadhili, tena mkubwa, hata kama hakuna aliyempongeza. Asiyefahamu hilo huiacha nafasi kwa urahisi na kukimbilia tangazo la "ufadhili asilimia 50".

Nina kosa langu ninalotembea nalo.

Alikuja kijana kutoka Kaliua, uashi, kapata mfadhili wa nje kupitia kanisa lao. Ada ya mwaka mzima iliingia kwa mkupuo mmoja, Januari. Kwa chuo chetu, ambacho wazazi walilipa kwa mafungu ya elfu ishirini ishirini, hilo lilikuwa jambo la kusimulia. Niligonga AMELIPA nikamsifu mbele ya wenzake. Alikuwa wa kutwa, amepanga na vijana wawili. Machi mwalimu wake akaanza kulalamika kwamba anasinzia. Aprili akaandikwa mvivu. Mei hakurudi. Niliposafisha majalada mwisho wa mwaka nikaikuta barua yake, mwandiko mzuri, mistari minne, anaomba kusaidiwa chakula cha mchana. Ilikuwa na muhuri wangu wa kupokelewa, Februari. Niliiweka kwenye jalada kwa sababu hakudaiwa ada, na mimi nilikuwa mtu wa ada. Mwaka uliofuata fedha ya mfadhili ikaja tena kwa wakati, mwanafunzi hayupo.

Tangu hapo kila barua ya ufadhili iliyofika dirishani niliiuliza: asilimia mia ya nini? Ya ada tu, au na chakula? Kwa mwaka mmoja au mpaka mtihani wa mwisho? Fedha inaingia chuoni au kwa mzazi? Mtoto akishindwa mtihani mmoja, unakatika? Je, ni msaada, au ni mkopo uliovishwa kanzu? Mzazi asione haya kuuliza. Mfadhili wa kweli hujibu. Anayekasirika kwa kuulizwa, bora umjue Desemba kuliko Mei.

Kuna jambo jingine ambalo barua haziandiki, nalo ni kalenda. Vyuo hufungua Januari. Januari mkulima wa Tabora yuko shambani hadi magotini, ghala linapungua, na fedha ya tumbaku bado ni majani mabichi. Masoko yatafunguliwa miezi kadhaa mbele, na malipo yana mwendo wake. Laki tatu ya Januari ni nzito kuliko laki tatu ya Agosti. Kabla ya kukata tamaa, nenda uombe kulipa kwa awamu zinazofuata msimu wako. Chuo kidogo kina faida hiyo: mkuu wa chuo unamkuta chini ya mwembe, unaongea naye. Niliwahi kuandikishana na wazazi wa tumbaku walipe robo Januari na robo tatu baada ya soko, na waliotuangusha walikuwa wachache kuliko watumishi wenye mishahara. Fedha ya mfadhili nayo huchelewa, na huo si ugeni hapa. Mwaka 1872 David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, alikaa Kwihara, hapo nje ya mji, miezi mitano akingoja watu na mahitaji yatoke pwani. Tembe alimokaa lipo, nenda ulitazame. Alikuwa na akiba ya kula wakati akingoja. Mwanao awe nayo pia, japo ya miezi miwili.

Wazazi wengi walinijia wakiuliza Bodi ya Mikopo. Niwaambie wazi: bodi hiyo, kama jina lake lilivyo, ni ya elimu ya juu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 ilifungua mlango kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, lakini cheti cha ufundi stadi anachosomea fundi umeme wa kwetu hakimo. Vilevile elimu bila ada, iliyoanza 2016 hadi kidato cha nne na kufika kidato cha sita mwaka 2022, haimfuati mtoto akiingia chuo cha ufundi stadi. Tabora ina vyuo vingi, cha nyuki, cha reli, cha ualimu, na kila kimoja kina mlango wake wa fedha. Ukigonga mlango wa jirani unapoteza msimu mzima.

Milango ya ufundi stadi ni midogo, lakini ipo. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa na programu ya kukuza ujuzi ambayo huwalipia vijana mafunzo ya uanagenzi kwa muda maalumu. Matangazo yake hupita halmashauri na vyuoni, na hayakai muda mrefu. Mwambie mtendaji wa kata akukumbuke, kisha usimtegemee, pita mwenyewe ubaoni. Kaya maskini zilizo katika mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ziambatishe ushahidi huo kwenye kila ombi, maana aliye mbali hawezi kuuona umaskini wako kwa macho. Na msivipuuze vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vilianzishwa kuanzia 1975 kwa msaada wa Sweden, na mkoa wetu unavyo Sikonge, Urambo na Nzega. Watu huvidharau kwa sababu vina majengo ya zamani. Lakini vimekuwa na mpango wa Elimu Haina Mwisho kwa mabinti waliokatizwa shule, wengi kwa ujauzito, wanaosoma sekondari pamoja na ufundi. Kwa mama mdogo mwenye mtoto mgongoni, malezi ya mtoto wakati wa masomo ndiyo gharama kubwa kuliko ada yoyote, na baadhi ya vyuo hivyo vimeweka mahali pa kuwatunzia watoto. Nani aliyewahi kuona hilo likiandikwa kwenye orodha ya ada?

Hapa niseme neno kali kidogo. Usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kukamua, kulipia chuo. Nimemwona baba akikopa 200,000 ili mtoto aruhusiwe kufanya mtihani, na hadi mtoto anamaliza mafunzo ya vitendo, baiskeli, redio na mbuzi wawili walikuwa wamekwenda. Mtihani alifaulu. Baba hakuwa na nauli ya kwenda kumwona akipewa cheti. Ni heri kumwomba mkuu wa chuo aahirishe mwaka kuliko kumpa mkopeshaji ufunguo wa nyumba. Na kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, uliza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na ufundi stadi. Cheti kisichotambuliwa ni ghali hata ukipewa bure.

Gharama pia haiishi siku ya mahafali. Fundi umeme bila mita na ngazi ni mtu mwenye cheti tu. Niliwashauri wazazi waliokuja dirishani waweke 10,000 kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, kwa jina la kisanduku cha vifaa, na wasikiguse hata ada ikipungua. Wachache walinisikiliza. Upande wa serikali, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ni ya vikundi, kwa hiyo vijana waanze kutafutana wakiwa bado darasani, mwashi na mchomeleaji na fundi umeme, wasingoje kutawanyika.

Yule kijana wa Kaliua nilikutana naye miaka minne baadaye, Ng'ambo, juu ya ukuta. Alinitambua yeye kwanza. Akashuka, akaniamkia kwa heshima iliyoniumiza. Ukuta ulikuwa umenyooka, na mimi nimeona kuta nyingi za wanafunzi. Analipwa kama kibarua kwa sababu hana karatasi. Nilimweleza kwamba VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunza kazini hupimwa, huongezewa kile alichokosa, kisha hupewa cheti, na kuna awamu ambazo serikali hulipia. Akasema, "Nitaenda mzee." Hajaenda. Anasema kila siku ya kupimwa ni siku isiyo na ujira, na ana watoto wawili. Naye amepiga hesabu yake, na siwezi kusema amekosea.

Mama wa Sikonge aliikunja karatasi yenye mistari mitatu akaitia kwenye bahasha, juu ya barua zote mbili. Jogoo nilimkataa. Nikamwambia apite naye Cheyo kwa shangazi, siku hiyo hiyo, kabla magari ya Sikonge hayajaondoka. Binti ameanza Januari, kutwa.